Bunduki ya Kufungulia

Miye sina subira, wallahi, na Baba alinimaliza. Idi ilipita Februari, sasa Mei, naye bado anafunga! Akili zilishampotea, sukari inamla, na magharibi ya London kila siku inazidi kuchelewa. Daktari kasema akiendelea hivi tutamzika.

"Baba, Ramadhani imekwisha!"

"Sijasikia bunduki."

Kijijini kwetu Pemba yeye ndiye aliyekuwa akipiga bunduki mwezi wa Idi ukiandama. Ikilia, watu wanafungua. Mpigaji anakula mwisho, wote wakishakula. Bunduki yenyewe tumeitundika ukutani hapa Kilburn, pambo tu, maana risasi zake haziundwi tena. Nikamwekea kaseti yenye mlio wa bunduki. Akanicheka. "Hiyo si yangu."

Haya! Nikaitungua bunduki, nikaifunga shuka, nikaipeleka Tooting kwa Gurmit, fundi bunduki, Singasinga wa Nakuru. Akaipima mtutu.

"Dada, iko risasi ingine, kichwa upana ni uleule, ganda tu ndio refu. Hiyo inauzwa kila mahali. Nitachimba kidogo chemba, pale risasi inakaa, iingie. Lakini nikikata, si pambo tena, lazima kibali cha polisi. Na hairudi vile ilikuwa. Hata mlio unaweza kubadilika."

"Kata!"

Kibali kilipotoka akaanza kukata, kwa mkono, mafuta yanachuruzika. Anazungusha, anatoa, anafuta, anajaribu ganda. "Bado." Anazungusha tena. "Bado." Nusura nimnyang'anye! Mara ganda likazama lote, mlango wa bunduki ukafunga, ka! Nikapiga kigelegele mle dukani, Gurmit kaziba masikio. Kuijaribu, aliifunga kwenye tairi, akavuta kamba akiwa nyuma ya ukuta. Nzima!

Juni tukampeleka Baba uwanja wa shabaha, kwenye kiti chake cha magurudumu, masikio yamefunikwa. Gurmit akasimama ubavuni mwangu. Bismillahi, nikavuta.

Ikalia, ikanisukuma bega. Nikageuka. Baba anatazama nyasi. Yarabi, nimeiharibu bunduki ya mzee wangu!

Halafu akainua kidole juu. "Hiyo! Hiyo ndiyo! Mwezi umeandama!"

Nikamkimbilia na tende, machozi yananitoka. Akaipokea, akanikazia macho.

"Nani kapiga?"

"Miye, Baba."

"Basi wewe utakula mwisho," akasema, akaitia tende kinywani, jua la mchana liko utosini.