Waya Juu ya Sebule

Mume wa Mama Pacha alitoa neno la mwisho kuhusu waya wa mtandao huku akifunga kamba za viatu. "Nyumba hii haitobolewi," alisema, akachukua funguo za basi, akatoka. Alikuwa dereva wa basi la shule, na asubuhi hakuwa na muda wa mabishano.

Mama Pacha hakubishana. Alikuwa na maonyo matatu kazini, na la tatu lilikuwa la maandishi. Kazi yenyewe aliifanyia chumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na kabati: kupokea simu za wagonjwa wanaotaka miadi hospitalini. Simu zilipitia kwenye kompyuta, kompyuta ilitegemea waifai ya sebuleni, na waifai ilikuwa na tabia ya kukatika katikati ya neno. Wiki iliyopita mzee mmoja alikuwa akimtajia namba ya kadi yake, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alifika ya sita, akapotea. Mama Pacha hakumpata tena.

Msimamizi wake hakutaka hadithi. "Vuta waya kutoka kwenye ruta, kile kisanduku cha waifai, mpaka kwenye kompyuta yako. La sivyo, tutatafuta mtu mwingine."

Basi Jumamosi, mume alipowapeleka pacha kwa bibi yao, mama yao alishusha mzigo aliouficha nyuma ya masanduku juu ya kabati: mita ishirini za waya wa buluu, vichwa kumi vya plastiki vya kuchomekea, na koleo la kuvibana. Mpangilio wa nyuzi nane za ndani alikuwa ameukariri kutoka kwenye video, akiuimba kimoyomoyo jikoni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, na kuendelea. Ngazi ilikuwepo. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mume, alikuwa fundi rangi na aliiacha kwao wiki mbili nyuma.

Alipanda kupitia kidirisha cha dari cha ukumbini, akavuta mfuniko nyuma yake ili vumbi lisianguke kwenye nguo zilizoanikwa chini. Simu aliiacha ikichaji. Kule juu mabati yalikuwa yanawaka. Alitambaa kwa tumbo juu ya mbao, tochi mdomoni, akijua kwamba goti likiteleza nje ya ubao litatokea sebuleni. Akatoboa dari kwa bisibisi juu ya chumba, akashusha ncha ya kwanza. Akatambaa mpaka upande wa pili, akatoboa juu ya ruta. Alikuwa akipuliza unga wa dari kwenye lile tundu aliposikia mlango wa mbele.

"Ngazi yako hiyo hapo ukumbini," sauti ya mume ilisema. "Sijui alikuwa anabadilisha balbu?"

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza shemeji.

"Ametoka, nadhani. Kaa kwanza unywe maji."

Mama Pacha alitoa tochi mdomoni. Alikuwa amefungua kinywa kuita, jina la mume likiwa ulimini, pale shemeji alipouliza, "Na kazi yake ya simu inaendeleaje?"

"Itaisha yenyewe," alisema mume. Sofa ililia chini yake. "Ule mtandao haukatiki wenyewe, kaka. Ninauzima mimi."

Shemeji alicheka kidogo, akaacha. "Unauzima?"

"Nabonyeza kitufe cha ruta. Dakika tano, kumi. Mwezi mmoja hivi atachoka, ataacha kwa hiari yake."

"Na akifukuzwa?"

"Kufukuzwa, kuacha, si yale yale? Kaka, mimi narudi hapa saa nne asubuhi, nakaa mpaka saa tisa. Kwangu! Natazama mpira bila sauti. Watoto wanatembea kwa vidole. Nikikohoa, mlango unafunguliwa, naoneshwa kidole mdomoni."

"Umemwambia hayo?"

"Nimwambie nini? Atasema nina wivu."

"Mimi naona unamwibia mtu kazi yake," alisema shemeji. Glasi iliwekwa mezani kwa nguvu. "Mwambie leo leo. Mimi nina ukuta unanisubiri."

Mama Pacha alisikia ngazi ikikunjwa. Akasikia ikigonga fremu ya mlango, kisha ikirushwa nyuma ya pikapu. Angeweza kupiga kelele. Hakujua aanze na neno gani. Gari likaondoka.

Akabaki amelala palepale, shavu kwenye ubao, jasho likimwingia machoni. Kutoka ukumbini mpaka dari kulikuwa na urefu wa watu wawili, na chini ni sakafu ya saruji. Mtu pekee wa kumshusha alikuwa yule aliyejinyoosha kwenye sofa. Akafikiria kukaa kimya mpaka mume atoke. Lakini Jumamosi akisharudi hatoki tena. Akawaza yale maonyo matatu. Akamwaza yule mzee na tarakimu zake sita. Joto lilimbana kifuani, akaona kama mabati yanashuka.

Mwishowe akashika ncha ya pili ya waya na kuisukuma kwenye tundu. Ilishuka polepole, buluu, mpaka usawa wa ruta.

Sofa ililia tena. "Nani?"

"Mimi."

"Uko wapi?"

"Juu yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomkaribisha kaka yako maji."

Alimsikia akitembea huku na huku, akimpigia kaka yake simu: rudi, ndiyo, na ngazi, usiniulize. Halafu akaja kusimama chini ya tundu. Alikuwa anaongea na dari, na pengine ndiyo maana aliweza.

"Nilidhani utachoka mapema," alisema. "Kila ulipolia nilisema kesho siuzimi."

"Kesho ulikuwa unauzima."

"Ndiyo."

"Ungeniambia unataka sauti ya mpira, ningekununulia vifaa vya masikioni. Ungeniambia tuhamishe meza. Mimi hicho chumba nakipenda? Nakaa humo kwa saa nane nzima, magoti yamegusa kitanda."

"Sikujua hukipendi."

"Hukuuliza."

Mume alisema, "Nikuletee maji?" Kisha akakumbuka hana pa kuyapitishia, akaenda kusimama mlangoni mpaka pikapu iliporudi.

Shemeji ndiye aliyeshika ngazi. Mama Pacha alishuka mweusi kwa vumbi, akapita katikati yao mpaka bafuni. Alipotoka alikaa sakafuni na koleo, akapanga nyuzi, akabana vichwa. Cha kwanza kiliharibika, akakata akaanza upya. Mume alisimama na tochi ingawa ilikuwa mchana.

"Jumatatu," mkewe alimwambia bila kuinua macho, "utampigia msimamizi wangu. Wewe mwenyewe. Umwambie nani alikuwa anazima."

Alipiga. Jumatatu, aliporudi na basi na kabla zamu ya mkewe haijaanza, alisimama kando ya kitanda akijieleza kwa mwanamke asiyemjua, shati limemganda mgongoni. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho. "Sawa," alisema. "Ila lile onyo la maandishi linabaki kwenye faili."

Mama Pacha akavaa vifaa vya masikioni, zamu ikaanza. Mtandao haukukatika hata mara moja. Zamani ulipopotea, alipata angalau dakika za kusimama, kunywa maji, kuchungulia dirishani. Sasa simu zilifuatana bila nafasi, hii ikiisha nyingine imeshaingia, na alikuwa hajawahi kujua saa nane za zamu ni ndefu kiasi gani. Kufikia saa saba mchana mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi.

Mume alifungua mlango taratibu na sahani ya chakula. Akaitua ukingoni mwa meza, akasubiri, kama aliyetaka kusema jambo. Lakini upande wa pili wa simu mama mmoja alikuwa anataja jina la mtoto wake herufi kwa herufi, na Mama Pacha aliendelea kuandika.