Gunzi kwenye Tangi

Mume wangu Apolinari aliifungia Land Rover yetu kuukuu injini ya Peugeot, akajisifu mpaka kanisani. Lakini kila tulipobeba mpunga kutoka Kharumwa kwenda Geita, ilizima njiani. Tukikaa kidogo inawaka, tukienda kidogo inazima tena. Apolinari alifungua pampu, akapuliza kabureta, akailaani petroli.

Siku moja ilipozima tena, nilichoka. Nilimwambia anyamaze, nikazunguka hadi kwenye tangi. Kifuniko kilikuwa kimepotea, naye alikuwa ameziba tundu kwa gunzi la muhindi lililoviringishwa nailoni, akalishindilia kwa nguvu zake zote.

"Baba Justina, debe la mafuta ya kula ukilitoboa tundu moja, yanatoka?"

"Yanagoma. Lazima utoboe la pili, hewa iingie." Kisha akaliangalia gunzi.

Nililichomoa. Tangi likavuta pumzi kwa mluzi mrefu. Nikalitoboa gunzi kwa spoku ya baiskeli, nikalirudisha.

Tuliingia Geita bila kuzima hata mara moja. Watu sokoni wakamsifu fundi.

"Fundi ni Mama Justina," Apolinari akasema. "Mimi ni mwenye gunzi."