Kelele za Jukwaa la Mashariki

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa klabu, pini tatu mdomoni, akipima kitambaa cha bango, pale jukwaa la mashariki lilipoanza kupiga kelele. Hakuinua kichwa. Ilikuwa Jumamosi isiyo na mechi, uwanja mtupu, na mfagiaji alikuwa peke yake kule juu akisukuma maganda ya karanga kati ya viti visivyo na watu. Kelele zilimzunguka kama kawaida. Alisogeza ndoo yake, akaendelea na safu iliyofuata.

Mambo haya yalianza zamani, mwaka jukwaa lilipoezekwa paa jipya. Mkandarasi alisema ni bati tu, joto likilibana hutoa mlio. Watu wakakaa kulisikiliza hilo bati, na bati likawa linaimba kwa maneno. Ilikuwa fainali ya miaka ya nyuma, waliyofungwa dakika za mwisho, imerudi nzima nzima: ngoma, vifijo, kikohozi kirefu cha watu wengi, kimya, halafu wimbo wa kumsimanga golikipa wao wenyewe. Kila Jumamosi, saa ileile. Wauza maji walizoea kufunga meza zao kelele zikiisha.

Waliofiwa nao wakaanza kuja, kwa kuwa sauti zilikuwa zinatambulika moja moja. Walikaa safu za chini wakiwasikiliza waume zao, kaka zao, watoto wao. Mjane wa mpiga ngoma hakukosa hata Jumamosi moja. Mumewe alisikika karibu na ngazi, akimtukana golikipa kwa sauti nene ya kupendeza, na mjane alikuwa akitabasamu na kumwambia aliye jirani kwamba mwanamume huyo hakuwahi kuwa na adabu.

Golikipa mwenyewe alikuwa baba yake fundi.

Enzi zake walimwita Kufuli. Msimu mzima kabla ya fainali ile hakuna mpira uliovuka mstari wake katika uwanja wa nyumbani, na watu waliwabeba watoto mabegani ili wamwone akishuka kwenye basi. Kisha ukaja mpira mmoja mlaini, mpira ambao hata bibi kizee angeuzuia kwa fimbo, ukampita katikati ya miguu. Jukwaa zima likamwuliza kwa wimbo: Kufuli, Kufuli, ufunguo umempa nani? Hakudaka tena. Akaenda kupanga magunia kwenye ghala la mtu, akapanga mpaka nywele zikawa nyeupe. Sasa alikuwa anaishi kwa binti yake, mtaa wa pili kutoka uwanjani, na Jumamosi kelele zikianza aliingia jikoni kuosha vyombo, vichafu na visafi, huku akizigonganisha sufuria kwa nguvu zake zote.

Klabu ilikuwa inaandaa jubilei. Mabango matatu yalishakubaliwa bila ugomvi. Lililobaki lilikuwa la jukwaa la mashariki, kubwa kuliko yote. Kitambaa kilikuwepo, uzi ulikuwepo, fundi alikuwepo. Kilichokosekana ni maneno ya kuandika, maana kila shabiki alikuwa na historia yake na hakuna aliyetaka ya mwenzake.

Asubuhi ya kikao, mzee alinyoa ndevu, akaleta koti lake lishonwe kiwiko.

"Waulize juu ya ule msimu wa nyavu kavu," alimwambia binti yake. "Picha sitaki. Jina tu, hata kwa herufi ndogo."

"Nitawaomba, baba."

"Usiombe. Uliza."

Kikao kilikaa ukumbini, chini ya jukwaa lenyewe. Mwenyekiti wa mashabiki, muuza vipuri vya magari, aligonga meza kwa kifuniko cha soda akasema wasipotezeane muda: bango moja, historia moja. Muda ukapotea hata hivyo. Mmoja alitaka mechi waliyoshinda katika mvua. Mwingine alitaka safari ile basi lilipoharibika, wachezaji wakalisukuma mpaka mlangoni mwa uwanja na bado wakashinda. Kinyozi alitaka mwaka waliowafunga majirani mabao tisa, akashikilia hapohapo, mpaka mtu akamkumbusha kwamba siku hiyo majirani walikuja pungufu na waliobaki walikuwa wanaumwa tumbo.

"Mabao ni mabao," alisema kinyozi. "Kwani matumbo tuliwaharibia sisi?"

Fundi akasimama. Alisema msimu wa nyavu kavu. Alisema hakuna klabu nyingine yenye mwaka kama ule, na kwamba wote waliomo humu ndani waliuona kwa macho yao. Watu wakatazama sakafu. Ukweli una tabia hiyo, ukisemwa kwenye kikao kila mtu anaanza kukagua viatu vyake.

"Sawa, mwaka ulikuwa mzuri," alisema kinyozi mwishowe. "Ila golini alikuwepo nani?"

"Unamjua."

"Namjua, ni mteja wangu. Basi ndiyo hapo sasa."

Mwenyekiti alilainisha sauti. "Dada yangu, tukiweka msimu huo itabidi tuweke timu. Tukiweka timu, mtu atauliza habari za fainali. Jubilei ni siku ya furaha. Funika kombe, mwanaharamu apite." Akafikiri kidogo. "Au tuwaweke wachezaji kumi."

"Na golini?"

"Golini paachwe wazi. Watu wataelewa."

"Wataelewa kwamba mwaka mzima hatukufungwa hapa nyumbani na golini hapakuwa na mtu?"

"Hapo ndipo watajua sisi ni klabu kubwa," alisema kinyozi, na hakuwa anatania.

Fundi alikuwa bado amesimama kelele zilipoanza. Wajumbe wakanyamaza kwa mazoea, kama watu wanaosubiri treni ipite. Chini ya jukwaa mambo yalisikika vizuri zaidi kuliko juu. Ngoma ilikuja kwanza. Halafu sauti ya kijana mwenye furaha ikapasua juu ya zote: "Washeni moshi! Washeni yote, kombe letu hili!" Zikafuata fataki za moshi, moja, nyingine, nyingine tena, zikirushwa nyuma ya goli lao wenyewe na mashabiki wao wenyewe. Watu wakaanza kukohoa. Na kutoka uwanjani, mbali kidogo, sauti ya mwanamume mmoja ikaita, "Sioni! Jamani, sioni!" Kukawa kimya. Kisha wimbo.

Hakuna lililokuwa geni hapo. Mji mzima ulikuwa unalisikia kila Jumamosi. Lakini fundi aliona kwamba leo atalisema, litokee la kutokea.

"Mwenyekiti," alisema, "aliyesema washeni moshi ni nani?"

Mwenyekiti hakubabaika. "Mimi," alisema. "Nilikuwa na mapafu siku zile. Sigara ndiyo imenimaliza."

Wajumbe wakakubaliana kwamba kweli ilikuwa sauti safi.

"Na huyo anayesema haoni?"

"Baba yako. Na yeye anasikika vizuri sana."

Miaka yote fundi aliamini kwamba neno hilo likitamkwa mbele ya watu, paa litashuka. Limetamkwa, paa liko palepale, na mtu mmoja kwenye benchi la nyuma ameomba maji ya kunywa. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alitafuta wa kumkasirikia akakosa, maana hakuna aliyekuwa anambishia.

Mjane wa mpiga ngoma, naye mjumbe, akainua kichwa. Alikuwa anajifuta macho.

"Tunatafuta nini kingine?" alisema. "Historia si hii hapa? Kombe tulikosa, haya. Lakini niambieni, jukwaa gani jingine linaimba lenyewe?"

Kinyozi alijipiga paja. Benchi lote likachangamka. Hoja za mabao tisa, za mvua na za basi zikaachwa zilale, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze watu wakawa kitu kimoja. Bango litasema JUKWAA LISILONYAMAZA, na chini yake maneno ya wimbo, kama yalivyo. Mikono ikanyooshwa yote isipokuwa mmoja. Wengi wape.

"Maneno hayo mimi sishoni," alisema fundi.

"Usishone, dada yangu, hatulazimishani," alisema mwenyekiti kwa upole wa kweli. "Kuna mashine mjini inachapa bango zima wakati wewe unakunywa chai."

Mjane alimfuata mpaka mlangoni, akamshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, ugomvi wako usije ukawafanya wakaling'oa paa lile. Kaburi la mume wangu liko mbali, miguu hii hainifikishi. Ninaye pale tu. Usininyime."

Fundi alikuwa na jibu la mwenyekiti, na la kinyozi alikuwa nalo. La mjane hakuwa nalo. Akaenda akashona. Alijidanganya kwamba zikipita mkononi mwake herufi zitakuwa ndogo. Zilitoka kubwa, kwa sababu kitambaa kilikuwa kikubwa.

Jioni ile ya kikao mzee alimngoja jikoni, sahani safi mkononi, anaifuta.

"Wamesemaje?"

"Wamechagua kelele, baba. Kelele na wimbo."

Mzee aliifuta sahani upande wa pili.

"Maneno yote ya wimbo?"

"Yote."

"Na Kufuli?"

"Ndiyo linaloanza. Mara mbili."

"Basi," alisema mzee. "Jina lipo."

Siku ya jubilei alivaa koti lake. Fundi alimsihi abaki nyumbani, akamwambia jua kali, umati mkubwa, miguu mibovu. Mzee alisema miguu ni yake. Wakakaa safu ya tatu, chini kabisa ya bango. Hakuna aliyemtambua. Waliomjua walikuwa wamezeeka kwenye viti vya wageni wa heshima, na wengine wote walimjua kwa wimbo tu, na wimbo hauna sura. Mwanamume mmoja aliyejipaka uso rangi za klabu alisogea ili mzee apate nafasi, akamwuliza kama anaona vizuri. Mzee akasema leo anaona.

Saa ilipofika, jukwaa likaanza, na uwanja mzima ukasimama na kuimba nalo. Maelfu ya watu, wazima na marehemu, kwa sauti moja. Mwanamume aliyejipaka rangi alimgusa mzee bega.

"Imba, mzee. Huu ndio wetu."

Mzee alilitazama lile goli la mbele yao. Kisha akafungua mdomo akaimba. Maneno aliyajua kuliko wote waliokuwepo, alikuwa akiyaosha na sufuria miaka yote hiyo. Aliimba mpaka mwisho, akipigapiga goti kwa vidole vyake vilivyopinda. Fundi hakuimba. Alishika mkono wa lile koti, akaushikilia mpaka watu walipoketi.

Jumamosi iliyofuata kelele za jukwaa zilikuwa zimeongezeka. Watu wa jubilei nao walikuwa wameingia. Mkandarasi aliitwa, akapanda, akakaza skrubu mbili, akasema ni bati.

Mzee alifariki kabla mwaka haujaisha, usingizini, bila kumsumbua mtu. Mwenyekiti alikuja msibani kwa niaba ya klabu. Alisimama kaburini akasema marehemu alikuwa sehemu kubwa ya wimbo wetu, na pengo lake halitazibika. Watu wakaitikia. Fundi aliangalia mdomo wa yule mtu ukifunguka na kufungika, akatamani kumwuliza tena lile swali, lakini alishalijua jibu: ni mimi, nilikuwa na mapafu.

Nyumba ikawa kimya, sufuria hazigongani. Jumamosi ya pili fundi alishindwa kukaa. Alifunga mlango, akatembea mpaka uwanjani, akapanda safu za chini. Mjane wa mpiga ngoma alimwona, akatoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni bila kuuliza lililomleta.

"Wako anasikika wapi?"

"Safu ya tatu."

"Utamsikia vizuri. Leo hakuna upepo."

Ngoma ikaja, na moshi, na kikohozi. Kutoka golini baba yake, angali kijana, akaita kwamba haoni. Halafu wimbo ukafunguka, na ndani yake, karibu sana, fundi akaisikia sauti ya mzee. Ilikuwa inachelewa kidogo nyuma ya wengine. Ufunguo umempa nani? Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Mjane aliinama akaanza kusema jambo kuhusu mumewe. Fundi alimwomba anyamaze kidogo, asije akaukosa ubeti wa pili.