Mwenye Safari

Mke wangu amenishinda Kiingereza. Naliweka hili mbele kabisa ili mtu asije akaniletea baadaye kama habari mpya. Mimi Abdiel, injinia wa barabara, ninayebishana na wakandarasi wa kigeni kwa Kiingereza kutwa nzima, nimeshindwa na Evelyn, mwalimu wa chekechea, ambaye kazi yake ni kufundisha watoto wa Njiro kufunga kamba za viatu na kutaja rangi. Tulifanya mtihani siku moja, chumba kimoja, hapa hapa Arusha mjini. Matokeo yalipotoka nikamwuliza kwa upole, nimejiandaa kumfariji, "Umepata ngapi, Mama Nice?" Akanipa simu. Nikasoma, nikarudia kusoma, kisha nikamwambia spika za masikioni nilizopewa zilikuwa zinakoroma.

"Pole," akasema.

Pole! Na safari yenyewe ilikuwa wazo langu. Mimi ndiye niliyeanza kuiota Kanada, mimi ndiye niliyekesha na video za watu waliohamia, mimi ndiye niliyemtafuta Lucky. Huyu Lucky ana ofisi ndogo ghorofani kule mjini, na kazi yake ni kuwaelekeza watu wenye taaluma na biashara zao njia ya kuhamia nje. Mwenye mtaji anampitisha mlango wa wafanyabiashara, mwenye Kijerumani anamwonyesha Ujerumani, na sisi akatuambia Kanada wanahesabu pointi: umri, elimu, lugha, kazi. Mke na mume mnaomba pamoja, ila mmoja ndiye mwombaji mkuu na mwenzake anapanda mgongoni.

"Kaka, wewe umeshavuka arobaini," Lucky akasema, bila hata kuona haya. "Pointi zako za umri zimenyauka. Dada bado kijana, lugha yake iko juu, na wenzetu kule wanatafuta walimu wa watoto wadogo kwa udi na uvumba. Jina la dada likae juu."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa mtegemezi."

Nilimtazama Lucky nikidhani anatania. Mtegemezi! Kwetu Meru mtegemezi ni mtoto, au mzee asiyejiweza, au ndama aliyefiwa na mama yake. Mimi nimejenga madaraja ambayo malori yanapita juu yake mpaka leo, leo nibebwe mgongoni na mtu anayeimba na watoto huku amevaa masikio ya sungura ya karatasi? Nikamwambia Lucky aweke jina langu juu. Evelyn alikuwa amekaa pembeni yangu na mkoba wake mapajani.

Lucky akaweka. Kanada wakakaa kimya. Wenzetu wa nyuma wakaitwa, wakaondoka, wakaanza kutuma picha za theluji, na sisi bado tupo. Wakati huo siku ya kuzaliwa ya Evelyn ilikuwa inakaribia, na Lucky alikuwa ametuonya kwamba kila mwaka unaoongezeka unang'oa pointi. Asubuhi moja, mke wangu akinimiminia chai, akaniuliza, "Baba Nice, unataka kufika Kanada, au unataka kutangulia?"

Nilikunywa chai ikaniunguza. Nikampigia Lucky, nikamwambia ageuze majina.

Haikupita muda wakamwita. Wakamwita yeye, jamani! Evelyn alipiga kelele jikoni mpaka mlinzi wa jirani akaja getini kuuliza kuna nyoka au kuna nini. Nami nikapiga makofi, maana ningefanyaje. Toka siku hiyo kila barua pepe ilianza na jina lake. Lucky akaanza kumwita bosi. Tulipokwenda kupima afya na kuweka alama za vidole, mhudumu akamwuliza Evelyn, "Na huyu ni nani wako?" kama vile mimi ni mzigo aliokuja nao. Shahada yangu, madaraja yangu, miaka yangu yote ya jua na vumbi, vikawa mstari mmoja chini ya jina la mwalimu wa chekechea. Usiku nilimtazama amelala, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata usingizi wake.

Sasa, kwa watu wa kwetu safari ya nje haitangazwi mapema. Unakaa kimya mpaka viza igongwe kwenye pasi, maana macho ya watu ni mengi. Kwa hiyo hakuna aliyejua chochote mpaka Jumapili tuliyopeleka shukrani kanisani, na ibada ilipokaribia kuisha mchungaji akatabasamu, akasema, "Nasikia kuna familia imepata safari ya mbali. Mwenye safari apite mbele tumwombee."

Evelyn akatengeneza kitenge chake ili asimame. Mimi nilikuwa nimeshafika mbele.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilijikuta nimeinama pale madhabahuni, mikono ya wazee iko kichwani mwangu, na mchungaji anamwomba Mungu amtangulie injinia wetu huko aendako, amkumbuke na mkewe anayemfuata. Nikaitikia amina. Nje, kwenye mnada wa sadaka, wakanunua mikungu ya ndizi na mayai kama kawaida, kisha wakashindania jogoo mmoja mwekundu, wakamnunua wakanizawadia mimi. Akina mama wakamkumbatia Evelyn, wakamwambia umebarikiwa kupata mume. Akajibu asante. Nilijisikia vizuri, siwafichi. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi chakula kunishuka vizuri.

Tulipofika getini Evelyn akageukia kiti cha nyuma. "Huyo jogoo ni wa nani?" akauliza.

"Si wetu sote?"

"Haya," akasema, akashuka.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Juma lile lile mama yangu, Bibi Evaresta, aliteleza zizini kule kwetu Kikwe akiwapelekea ng'ombe majani, nyonga ikavunjika. Akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani, daktari akasema atakaa kitandani, kisha ataanza kujifunza kutembea pole pole kama mtoto, na haitakuwa jambo la mwezi mmoja wala miwili. Kaka yetu mkubwa, Nathanaeli, akaitisha kikao cha ukoo. Mbuzi akachinjwa, wanaume tukakaa uani, wanawake wakawa jikoni na moshi wao.

Lazima mwelewe kitu kimoja. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi boma la wazazi. Wakubwa wanapewa mashamba yao, wanakwenda kujenga. Wa mwisho anabaki na nyumba, migomba, ng'ombe, na mama. Mtoto wa mwisho ni mimi.

Nathanaeli akafuta mafuta ya nyama mikononi. "Abdiel, tumesikia kanisani. Hongera. Lakini tuambie hapa mbele ya wazee, hii safari ni ya nani?"

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwona Evelyn amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, ananitazama. Binamu zangu wote walikuwa pale, wale wale waliokuwa wananiita injinia tangu nikiwa chuoni.

"Ni yangu," nikasema.

"Vizuri. Basi mwenye safari atangulie, akatafute nyumba na kazi, kama baba zetu walivyokuwa wakitangulia mjini. Mkeo atabaki hapa na mama mpaka apone, halafu atakufuata. Kuna mwenye neno?"

Mimi nikaendelea kula mbavu. Evelyn akarudi ndani.

Tukiwa njiani kurudi Njiro alizungumza taratibu, sauti ile ile anayotumia kwa mtoto aliyemng'ata mwenzake. "Baba Nice, Lucky alitueleza wote wawili. Mtegemezi hawezi kuingia Kanada kabla ya mwombaji mkuu. Nisipoingia mimi kwanza, wewe huingii, Nice haingii. Na viza zina tarehe ya mwisho. Nikikaa Kikwe mpaka mama apone, zinakufa zote tatu."

"Najua."

"Unajua, na umenibakiza?"

Mnaona alivyo? Hata sheria anaijua kunizidi. Nikasema nitatafuta namna. Namna gani? Nilikaa nayo siku baada ya siku, nikamfikiria Nathanaeli akicheka, nikawafikiria binamu zangu wakiniita mke wa mwalimu. Mara mbili niliendesha mpaka Kikwe nikiwa na maneno tayari mdomoni, nikaishia kumpa mama maziwa na kuongelea mvua. Lucky akawa anapiga simu kila kukicha, tarehe inakuja, kaka, hawa hawasogezi. Evelyn hakunisukuma tena. Alipanga nguo za Nice kwenye sanduku, akaliacha wazi sebuleni, na kila asubuhi nililiruka nikienda kazini.

Jumamosi moja nilichoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikaomba kikao tena, nikasimama mbele yao, nikasema kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Safari si yangu. Ni ya Evelyn. Yeye ndiye waliyemwita. Jina langu lipo chini, mimi namfuata tu. Siwezi kutangulia."

Binamu mmoja akaguna, "Mwalimu wa chekechea?" Wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke, jasho likanitoka, lakini moyoni nikahisi mzigo umetua. Nilijua sasa yamekwisha. Tutakwenda sote watatu, tutamtafutia mama msichana wa kazi, basi.

Nathanaeli hakucheka. Alifikiri, akatikisa kichwa. "Umefanya vizuri kusema. Kama ni ya mkeo, basi mwenye safari aende na mtoto wake. Wewe utabaki na mama."

"Kaka, tunaruhusiwa kwenda wote!"

"Mmeruhusiwa na nani?"

"Na Kanada."

"Kanada inajua nani anamwinua mama yako kitandani asubuhi?" Akanikazia macho. "Siku ile uliposema safari ni yako, ulikubali mwenzako abaki. Hukulia, hukubisha, ulikula mbavu. Leo kimebadilika nini?"

Nikatazama mlango wa jiko. Evelyn alikuwa pale, na safari hii macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa moshi.

Usiku ule alinishika mkono, akaniuliza, "Nisiende?"

Aliniuliza kweli, hakuwa anatania. Ningesema neno moja angezitoa nguo kwenye lile sanduku na kuzirudisha kabatini. Na roho yangu ililitaka neno lile, msifikiri mimi malaika. Nilitaka asiende kama mimi siendi. Nikamwambia, "Nenda," huku nikiomba akatae. Hakukataa.

Nikawapeleka mwenyewe uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nice alinipungia mkono mpaka mlango ukamficha. Evelyn aligeuka mara moja, akawa kama anataka kurudi, kisha foleni ikamsogeza.

Sasa naishi Kikwe. Binti wa jirani anamsaidia mama kuoga. Mengine yote ni mimi. Nakata majani, nakamua, napika mtori wa ndizi na nyama, namshika mama kiunoni tunazunguka uani hatua kwa hatua, halafu ndipo naendesha kwenda saiti. Viza yangu ilikufa ndani ya droo, haijatumika hata mara moja. Evelyn anapiga video kila jioni. Amepata darasa lake, watoto wa huko wanamwita Miss Evelyn, ananionyesha theluji dirishani, mashavu yamemjaa. Nice anaongea Kiingereza cha puani na ananisahihisha. Nawapenda, ninawalilia, na nikikata simu wivu unanitafuna palepale nilipokaa, nawaonea wivu mpaka ile baridi.

Juzi Lucky akapiga. "Kaka, habari njema. Mama anatembea, si ndiyo? Basi bosi anaweza kukuombea umfuate, ameshaniandikia kuulizia. Yeye anakuwa mdhamini, wewe unakuwa mdhaminiwa. Jina lake linakaa juu. Hilo unalikubali? Nimwambie nini?"

Mama alikuwa anavuka uani na fimbo yake, peke yake, polepole. Akasimama. Masikio yake hayana ugonjwa wowote. "Unaongea na nani?"

"Ni mambo ya safari, mama."

"Safari ya nani?"

Jirani alikuwa anapalilia upande wa pili wa ua, na binti yake alikuwa anaosha vyombo. Wote waliinua vichwa.

"Ya Evelyn," nikasema kwa sauti. "Mimi naomba anichukue."

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kutembea. "Mwambie afanye haraka," akasema. "Mtori wako hauna chumvi."