Jeshi la Kwenye Beseni

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki, haya ni kweli tupu. Mjukuu wangu alikuwa akipiga chafya mpaka mapazia yanapepea, na mama yake, binti yangu, hakumruhusu kugusa hata vumbi la dirishani. Mimi, fundi lifti mstaafu, nikaweka beseni la udongo kibarazani, ghorofa ya nne.

“Mwache mtoto achezee,” nikamwambia binti yangu. “Humu mna jeshi la vijidudu vyema. Vitaifundisha kinga ya mwili wake kutofautisha adui na mgeni. Juzi paka wa jirani alilala humu na mafua, akaamka anafukuza mbwa.”

Binti yangu anafanya kazi maabara ya hospitali. Hakubisha. “Utafiti wa namna hiyo nimeusoma, Baba. Wa paka bado. Udongo umeutoa wapi?”

“Bustanini, kwa mikono hii.”

Akainama nyuma ya beseni, akavuta mfuko mtupu wa dukani, akausoma kwa sauti: udongo huu umepikwa kwa mvuke, vijidudu vyote vimekufa.

“Jeshi lako lilishazikwa, mzee. Haya, kalete ulio hai. Atachezea, ila atanawa kabla ya kula.”

Nikashika ndoo. Lifti, niliyowaapia majirani kwamba haitaharibika kamwe, ilikuwa imegoma. Nilipofikisha ndoo ya tatu juu, nikihema kama mvukuto, mjukuu alikuwa mlangoni ananingoja, ameshakunja mikono ya shati.