Baba Sarah Juu ya Mfuko wa Gesi

Mume wangu Mogesi ana ng'ombe wengi kuliko maneno ya shukrani. Siku niliyotoka kwa jirani Winfrida na mfuko wa gesi mgongoni, mkubwa kama godoro na mwepesi kama mto, aliwaita wenzake waje kucheka.

"Mama Sarah amebeba ushuzi wa ng'ombe!"

Winfrida ana mtambo unaotoa gesi kwenye samadi. Anakujazia mfuko, unaubeba hadi kwako, unaunganisha mpira kwenye jiko, basi unapika. Mimi nilitaka moshi uishe tu. Sarah wangu bado ananyonya, na anakohoa tangu masika yaanze.

"Chakula cha mavi sili," Mogesi akasema. "Kesho urudishe."

"Sawa, Baba Sarah. Na leo? Kuni zimelowa, na Mzee Wangwe anakuja."

Mzee Wangwe ni rika la marehemu baba yake Mogesi, na ndiye msuluhishi wa ugomvi wa mpaka wa shamba letu. Huyo humwachi na njaa. Mogesi akanisukumia kiberiti kwa mguu, na kwake hiyo ndiyo ruhusa.

Maji yakachemka. Nilipoanza kusonga, moto ukafifia. Mfuko ukipungua unataka uzito juu yake, gesi isukumwe. Mawe yalikuwa nje kwenye mvua. Ndani, kitu kizito kilikuwa kimoja.

"Baba Sarah, kaa hapa."

"Mimi?"

"Au mzee ale ugali mbichi?"

Akakaa. Mfuko ukatoa sauti ambayo sitaieleza, na moto ukaruka, wa bluu, mzuri. Hapo hapo Mzee Wangwe akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Siku hizi unanisalimia umekaa?"

Mogesi akainuka kidogo. Moto ukasinyaa.

"Kaa!" nikasema, kisha nikakumbuka adabu. "Tafadhali, Baba Sarah."

"Kwani unafanya nini hapo?"

Mogesi akatazama ukuta. "Napika, mzee."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Kisha akavuta pumzi. "Mbona macho hayaniwashi humu? Hata mtoto kalala, hakohoi." Akavuta kigoda. "Usinyanyuke mpaka ugali uive."

Alikula matonge ya nguvu. Na yule asiyekula chakula cha mavi akakomba sahani.

Asubuhi nikaukunja mfuko mtupu.

"Ukajazwe," Mogesi akasema, huku amenipa mgongo. "Ila wageni wakija, ukae wewe."

Nikamwambia haiwezekani. Mimi ndiye ninayesonga.