Kava la Kushoto

Plastiki mpya haifanani na pikipiki ya zamani, hata kama zote zimetoka kiwandani na nyekundu moja. Jua la Busia, hapa mpakani, linakula rangi. Pikipiki ikishakaa steji ya bodaboda miaka miwili, nyekundu yake si ile ya dukani tena, imekuwa kama nyanya iliyolala. Fundi mjinga anapaka nyekundu ya kopo, na kava linakaa pale ubavuni kama kiraka cha suruali. Mimi naongeza nyeupe kidogo, tone la kahawia, najaribu upande wa ndani wa kava, naanika, natoka nalo nje kwenye mwanga. Nikimaliza, hata mwenye pikipiki hajui nimepaka lipi.

Hiyo ndiyo kazi naijua. Ile nyingine, ya mashine za kilimo, niliiacha chuoni Busitema mwaka wa tatu, baada ya kubandika tangazo la uongo kwamba mtihani umeahirishwa. Nilidhani watacheka. Watu arobaini walirudi kulala. Nikasimamishwa mwaka mmoja, nikaja Busia kusubiri uishe. Ukaisha, nikabaki. Nurudin, mwenye gereji, akanipa kompresa ya kupulizia rangi, na jina: Profesa.

Sasa, kuna tabia niliyokuwa nayo. Kabla ya rangi ya mwisho nilikuwa naandika kitu kwenye kava kwa brashi nyembamba, rangi nyeupe. Halafu nyekundu juu yake, halafu vanishi. Huoni kitu. Lakini herufi zimeinuka kidogo, unene wa unywele, kwa hiyo goti au kisigino kikisugua mwaka mzima, pale ndipo rangi inatoka kwanza. Siku moja mtu anaosha pikipiki yake, anakuta MIGUU YA OKOCHI INANUKA. Okochi alikuja na lile kava akicheka mpaka akakaa chini. Shakib alipata NAOGOPA NG'OMBE, akanitukana siku mbili, siku ya tatu akaniletea chapati. Steji yote ilijua mkono ni wa nani.

Opendi tumetoka naye Paya, tumesoma darasa moja. Alipasua kava la kushoto njia ya Tororo akikwepa mbuzi. Akanunua lingine, la bluu, la pikipiki iliyokufa, akaniletea nilifanye jekundu. Akakaa kwenye tairi akinisubiri, hadithi ni moja tu: msichana wa Petta. Loy anaimba kanisani. Loy amemkataa mwalimu. Loy akicheka anaziba mdomo na mkono.

"Omera, ndugu yangu, huyo Loy wako ana miguu au anaruka tu?" nikamuuliza.

"Ngoja. Utamuona siku ya kunibebea soda."

Alipotoka kununua maji nikaandika: LOY NI WA PROFESA. Nikapaka juu. Loy mwenyewe nilikuwa sijamuona hata kwa picha. Nilikuwa namchekea Opendi. Nilishaiona ile siku: Opendi anaingia gereji na kitambaa cha kuoshea mkononi, ananikimbiza kuzunguka kompresa, Nurudin anashangilia.

Desemba walipeleka mahari Petta. Soda nilibeba mimi, kreti nne. Loy akaniambia, "Karibu, shemeji," basi, hakuna kingine. Kava nilishalisahau.

Kitu sikufikiria ni hiki. Mwanamke wa kwetu akienda kanisani hapandi pikipiki kama mwanamume. Anakaa upande, miguu yote kushoto, na kisigino kinaegemea pale pale kwenye kava. Kila Jumapili, kila siku ya soko. Loy mwenyewe ndiye aliyeyasugua yale maneno mpaka yakatoka, kwa viatu vyake vya kanisani, na Opendi yuko mbele anaangalia barabara. Aliyeyaona kwanza ni mama mmoja nje ya kanisa. Akasoma kwa sauti.

Opendi hakuja kunikimbiza. Habari nililetewa na Okochi.

"Profesa, umeshinda. Loy amerudishwa kwao Petta, na begi."

"Amerudishwa kwa nini?"

"Si ni wako? Imeandikwa."

Alikuwa anacheka. Nilimpigia Opendi simu mara nane. Ya tisa ikawa imezimwa.

Wazee walikaa Jumamosi huko Paya, kwa baba mkubwa wa Opendi, mzee Oboth. Mimi sikuitwa. Nilienda na msasa, kopo la maji na kitambaa, na nilikwenda nikijiamini, kwa sababu kazi ya rangi inajionyesha yenyewe. Opendi alikuwa amekaa pembeni, kava liko miguuni. Loy alikuwa upande wa shangazi zake, amefunika magoti na kitenge, anaangalia chini.

"Wazee, samahani," nikasema. "Huu ni mchezo wangu. Nafanyia watu wote. Muulizeni Okochi."

"Okochi uliandika mke wake ni wako?" Opendi akauliza.

"Niliandika miguu yake inanuka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha.

Nikapiga magoti, nikalowesha msasa, nikasugua mbele yao. Vanishi ikatoka kama maziwa. Nyekundu ikafuata. Herufi zikabaki nyeupe, safi, hakuna hata moja iliyopungua.

"Mnaona? Iko chini ya rangi. Haikuandikwa juzi. Niliandika siku ile ile Opendi aliniletea hii kava, kabla sijamjua huyu dada. Angalieni wenyewe."

Mzee Oboth akainama, akaangalia vizuri. Alikuwa mpole. Angenipiga ningeshukuru.

"Kwa hiyo hii ulipaka lini?"

"Mwezi wa tatu, mwaka juzi."

"Na sisi mahari tulipeleka lini?"

"Desemba," shangazi mmoja akajibu. "Mwaka huo huo."

Mzee akakaa. "Basi alikuwa wako kabla hajawa wetu."

"Hapana, mzee! Nilikuwa simjui!"

"Mtu anaandika jina la mwanamke hamjui?"

"Ilikuwa kuchekesha tu."

"Nani alicheka?"

Yale maneno yalikaa chini ya rangi mwaka na zaidi, na aliyecheka nilikuwa mimi peke yangu. Loy aliinua macho mara ya kwanza, akaniangalia kama mtu anayesoma kitu cha mbali. Opendi akasema bila kelele, "Chukua msasa wako uende."

Wiki mbili baadaye Loy akaja gereji na lile kava limefungwa kwenye kitenge. Nurudin akakumbuka ghafla ana kazi nje.

"Shemeji," nikasema.

"Usiniite hivyo." Akaliweka juu ya meza. "Nilimuomba Opendi hii kava. Amesema hawezi kupita kwa watu na hiyo kitu. Nikamwambia nitairudisha kama mpya, na mimi nirudi nayo. Hakukataa. Ndiyo maana nimekuja kwako, hakuna mwingine anajua hii rangi."

Akaenda kumngoja dada yake sokoni. Nilisugua mpaka nikafika kwenye bluu. Nikaosha na sabuni, nikapiga praima, ile rangi ya kijivu ya chini. Pikipiki yenyewe haikuwepo, nikachanganya kwa kumbukumbu, nikaongeza nyeupe kwa ajili ya jua la miaka miwili. Sijawahi kupaka kitu vizuri namna ile. Saa tisa akarudi, nikamtolea nje kwenye mwanga. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Chini kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Nitajua aje?"

"Loy, naapa kwa mama yangu."

"Wewe unaapa." Hakusema kwa hasira. "Na Opendi atajua aje? Alale, aamke, angoje kisigino changu kitoe ingine?"

Akatoa ufunguo kwenye mkoba. Ulikuwa wa nyumba ya Opendi, umefungwa kitambaa chekundu ili usipotee. Akakwaruza kava toka juu mpaka chini. Akakwaruza tena pembeni yake, na tena, mistari imekaribiana. Nyekundu ikatoka, kijivu, bluu. Alikuwa anatafuta kweli, ulimi uko kwenye meno kama mtoto anayeandika. Alipofika mwisho akafuta vumbi na kiganja.

"Kweli," akasema. "Hakuna."

"Lete nilirudie. Saa moja tu."

"Ukirudia, si nitakwaruza tena?"

Akalifunga kwenye kitenge, akaenda nalo hivyo hivyo.

Mwezi uliofuata Opendi akapita mbele ya gereji, kiti cha nyuma ni kitupu. Loy yuko Petta, analima kwa kaka yake. Pikipiki yote nyekundu, ila ubavu wa kushoto una kava jeusi, la upande wa Kenya, halijaguswa na brashi ya mtu. Hakugeuza shingo.

Mteja niliyekuwa naye, mwalimu kutoka Busitema, akamsindikiza na macho.

"Pikipiki nzuri hivyo," akasema. "Huyo alikosa fundi wa kumlinganishia rangi?"

"Alikosa," nikasema.